Ufunguo wa jikoni ninao mimi, lakini sukari yake hupanda usiku

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Lurambi, Kakamega. Mimi ni mama wa watoto wanne, na mume wangu ni seremala. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu inaelekea kuvunjika kwa jambo ambalo naona haya hata kulieleza kwa watu: namba za kwenye mashine ya sukari.

Baba watoto aliambiwa ana kisukari mwaka jana. Alikuwa amekonda, usiku anaamka kunywa maji na kwenda haja, mchana hana nguvu ya kushika randa. Kliniki walimpa dawa mbili, metfomini na glibenklamidi, wakamwambia apunguze wanga na vitu vitamu. Tukajikakamua tukanunua mashine. Mimi ndiye ninayeandika namba kwenye daftari, kabla ya kulala na asubuhi akiamka. Zaidi ya hapo hatuwezi, maana vile vipande vya kupimia ni ghali.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito kuliko watu wanavyodhani. Baba yangu mzazi aliondoka kwa ugonjwa huu. Kilianza kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kikakataa kupona, mwishowe mguu ukakatwa chini ya goti, na mwaka uliofuata tukamzika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kile kidonda, na harufu yake sijaisahau mpaka leo. Niliapa kwamba mume wangu hatapitia njia hiyo mimi nikiwa hai.

Kwa hiyo jikoni nikabadilisha kila kitu. Chai ikawa bila sukari. Mkate nikauondoa. Ugali nikampimia kipande, mboga nikaongeza. Watoto wamenung'unika, lakini wamezoea. Sasa sikia. Usiku saa nne anapima 7.1. Asubuhi saa kumi na mbili anapima 9.8. Siku nyingine analala na 6.9 na kuamka na 9.4. Nikamuuliza, "Baba Sifa, umekula nini usiku?" Akaniambia hajagusa kitu. Nikaanza kufunga jikoni kwa kufuli na kulala na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso. Namba zikaendelea kupanda vile vile. Nikamwambia namba hazidanganyi, anayedanganya ni yeye.

Hapo akakasirika. Akasema basi atanionyesha, hatakula chakula cha jioni kabisa. Na kweli akawa hali. Anakula saa saba mchana, jioni anameza dawa zake kwa maji, analala. Asubuhi, 9.6! Niambie wewe, mtu ambaye hajala tangu mchana sukari yake itapandaje?

Kisha juzi, kama saa tisa usiku, nikasikia mlango. Alitoka akakaa kidogo, akarudi. Nilipomgusa, fulana yake ilikuwa imelowa jasho, na mikono inatetemeka. Nikamuuliza alikuwa wapi, akasema msalani. Mtu hutokwa jasho hivyo kwa kwenda msalani na baridi hii ya Kakamega? Asubuhi nilienda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, nikakuta karatasi ya mkate kwenye mfuko wa koti lake la kazi, na chupa ya soda imefukiwa kwenye maranda ya mbao.

Tangu siku hiyo hatuzungumzi. Mama mkwe amepiga simu kutoka Khwisero akisema namnyima mwanawe chakula, kwamba mwanamume hawezi kufanya kazi bila obusuma, yaani ugali. Mume wangu anasema anakwenda kukaa kwa mama yake mpaka roho yake itulie. Jirani ananishauri nimwondolee ugali kabisa, asiuonje. Nami nimefikiria kuwaita kaka zake na wazee wamkanye aache kujiua.

Nimwache aende? Nimpe ufunguo? Au niite wazee?

Mama Sifa, Lurambi

*

Mama Sifa, dada yangu,

Pole kwa yote. Pole hasa kwa habari ya baba. Aliyemwosha mzazi wake kidonda cha aina ile hawezi kuiona namba ya kisukari kama mtu mwingine anavyoiona. Kwako 9.8 ni mguu wa baba. Nimelisoma jambo hilo katikati ya mistari yako yote, na nitalirudia.

Kabla ya lolote, kuna jambo la usiku wa leo ambalo haliwezi kungoja tumalize mazungumzo. Umeniandikia kwamba mume wako hali chakula cha jioni, lakini dawa za jioni anameza. Kisha ukaandika jasho, mikono inayotetemeka, saa tisa usiku. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama mtu amekula au hajala. Akiwa amekula, insulini hiyo hupata kazi. Tumbo likiwa tupu, inaweza kuishusha sukari ya damu hadi chini ya 4 kwenye mashine yenu, na mwili ukifika hapo hupiga yowe: homoni ya adrenalini humwagika, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka hata kukiwa na baridi, mikono inatetemeka, na njaa ya kitu kitamu inamshika mtu kiasi kwamba hawezi kungoja. Sukari ikiendelea kushuka, anachanganyikiwa, anaweza kushikwa na degedege au kupoteza fahamu.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Hakuna aliyempima, kwa hiyo mimi sijui, na wewe hujui. Jasho la usiku lina sababu nyingine pia, malaria ikiwemo. Lakini dalili zile zinatosha kunifanya nikuombe haya bila kuzunguka: asimeze glibenklamidi bila chakula, na leo hii kliniki iliyompa dawa ielezwe kwamba amekuwa akiruka mlo wa jioni na kuamka akitokwa jasho. Wao ndio watakaosema dozi ibaki, ipungue au ibadilishwe. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Na karibu na kitanda pawe na sukari ya mezani. Jasho likirudi, mpime papo hapo. Ikiwa chini ya 4, au ikiwa hamna cha kupimia, ameze vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Mngoje dakika 15, mpime tena, na ikiwa bado iko chini arudie. Ikishapanda ale kitu cha kukaa tumboni. Akiwa hajitambui, msimtie chochote mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

Sasa tazama ile chupa kwenye maranda ya mbao. Wewe uliiona kama ushahidi wa mlafi. Inaweza kuwa hivyo, siwezi kumtetea mtu nisiyemjua. Lakini pia inaweza kuwa ndiyo iliyomrudisha kitandani kwako akiwa mzima. Mtu aliyeshikwa na ile hali saa tisa usiku, jikoni kumefungwa kwa kufuli, na amejitapa kwamba hali kitu, atakwenda wapi? Na akishapata nafuu, atamwambia nani?

Nataka sasa tuliangalie lile neno lako kwamba namba hazidanganyi. Ni kweli, mashine haikudanganya. Ila ilichosema ni kidogo kuliko ulichosikia. Imesema damu ya mume wako saa kumi na mbili asubuhi ina milimoli 9.8 za sukari kwa kila lita. Haikusema sukari hiyo imetoka wapi. Wewe umejazia mwenyewe kwamba imetoka mdomoni, kwa kuwa ndiyo njia tunayoijua sote. Iko njia ya pili, na hiyo haina kufuli.

Tuanze na hii ya kwanza, kwa sababu hata jirani yako na mama mkwe wanaizungumzia nusu nusu. Ugali hauna utamu, lakini unga wa mahindi kwa sehemu kubwa ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za glukosi zilizoshikana. Unapousonga kwa maji ya moto, punje za wanga hunywa maji, huvimba na kulegea, ndiyo maana tunaweza kuumeng'enya. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kuukata mnyororo mtu akiwa bado anatafuna. Tumboni asidi inakisimamisha. Chakula kikishuka kwenye utumbo mwembamba, kongosho linamwaga vimeng'enya vyake na kukata tena, kisha vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo wenyewe vinamalizia, mpaka inabaki glukosi moja moja. Hiyo ndiyo inayopenya ukuta, inaingia kwenye damu, na damu hiyo inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kokote. Kwa hiyo ndiyo, ugali huwa sukari. Viazi vitamu, nduma, wali, chapati na uji pia. Uji wa unga laini ndio hukimbia kuliko yote, maana umeshasagwa, umeiva na una maji mengi, utumbo haubakiwi na kazi.

Kinachouchelewesha ni kile kinachoandamana nao. Nyuzinyuzi za mboga kama mrenda, saga, managu na kunde hazina kimeng'enya cha kuzikata mwilini mwetu, zinapita zikiuburuza wanga nyuma nyuma, na mwisho bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozila. Omena, mayai na maharagwe hulifanya tumbo lishushe chakula polepole. Seremala akianza na mboga na omena, ugali ukafuata, sukari hiyo hiyo huingia kwenye damu kwa utaratibu, si kwa mkupuo. Na ukisaga mahindi na maganda yake kwenye kinu cha mtaani, ukachanganya na wimbi au mtama, unabaki na nyuzinyuzi ambazo unga mweupe wa pakiti umeshaondolewa. Bado ni wanga, kiasi kinabaki kuwa kiasi.

Mlo ule wa jioni, hata ungekuwa mkubwa, kwa kawaida saa chache baadaye kazi yake imekwisha. Na bado mwili unaendelea kula. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku, na hausimami kwa sababu mtu amelala. Sasa piga hesabu hii nami. Mtu mzima ana lita kama 5 za damu. Sukari ikiwa 5, damu yote hiyo ina gramu 4 na nusu za glukosi, kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja hakiwezi kumfikisha mtu asubuhi. Lazima pawe na mahali panapokijaza upya usiku kucha, na mahali hapo ni ini.

Aliyeionyesha dunia jambo hili ni Mfaransa, Claude Bernard, katikati ya karne ya 19. Watu walidhani sukari yote ya mwili huingia kwa chakula. Yeye aliwalisha mbwa nyama tupu, akakuta damu inayotoka kwenye ini ina sukari. Mwaka 1857 akaitenga ile akiba inayowekwa ndani ya ini, ambayo leo huitwa glikojeni. Ini la mtu aliyekula vizuri huweka gramu kama 100 za akiba hiyo. Mchana, baada ya mlo, insulini kutoka kongosho huliambia ini liweke na huiambia misuli ichukue. Usiku, sukari ikianza kushuka, kongosho hilo hilo hutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliambia ini litoe. Akiba ikipungua, ini hutengeneza glukosi mpya kwa vipande vya protini na mabaki ya mafuta. Huhitaji kula wanga hata kidogo ili ini lako litengeneze sukari.

Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya mume wako, ini halisikii insulini vizuri. Sukari ipo tele kwenye damu, nalo linaendelea kutoa. Juu ya hapo, kuelekea alfajiri, kati ya saa kumi usiku na saa mbili asubuhi, mwili wa kila mtu humwaga homoni za kuutayarisha kuamka, kortisoli na homoni ya ukuaji zikiwemo, na hizo huliongeza ini kasi. Mimi na wewe kongosho zetu hulijibu jambo hilo kwa insulini kidogo ya ziada, wala hatujui limetokea. Lake halina nguvu hiyo. Kwa hiyo analala na 7.1, hali kitu, anaamka na 9.8. Wauguzi wa kliniki za kisukari huiona hali hii mara kwa mara, na inasikitisha kwamba wagonjwa wengi hurudi nyumbani bila kuelezwa.

Utaona basi kwa nini kuruka chakula cha jioni hakukusaidia. Alitaka kukuthibitishia, nawe ulitaka kuthibitisha, na ini lake halikuwa na habari na ugomvi wenu.

Nikuongezee hili moja, maana lilinigusa nilipolihesabu. Kutoka 7.1 hadi 9.8, katika lita 5 za damu, ni gramu mbili na nusu hivi za sukari. Nusu kijiko cha chai. Hiyo ndiyo iliyokufanya ulale na ufunguo kwenye leso. Sisemi namba hiyo haina maana. Ikikaa juu miaka na miaka, huumiza mishipa midogo ya macho, figo na miguu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Inahitaji kushughulikiwa. Swali ni nani wa kuishughulikia: mke kwa kufuli, au daktari kwa kuangalia dozi na saa za dawa? Metfomini, kwa mfano, kazi yake kubwa ni kulipunguzia ini utoaji wa sukari. Namba za asubuhi ulizoziandika kwa bidii ni habari ya thamani kwa daktari. Mezani pako zimegeuka mashtaka.

Sasa tuje kwenye maswali yako, na hapa sitakuamulia, kwa sababu ndoa ni yenu na mimi nimesikia upande mmoja tu.

Ufunguo. Ukiendelea kuushika, unapata amani ya kujua jikoni hakuguswi, na ninaelewa amani hiyo inatoka wapi. Lakini umeshaona hautoi jibu unalotafuta, na usiku wa jasho unaweza kumweka mtu mbali na kitu cha kumwokoa. Ukimpa, huenda kweli kuna siku atakula mkate saa sita usiku, na itakuuma. Je, mkate unaoliwa mezani ukiuona ni mbaya kuliko ule unaoliwa kwenye karakana? Kuna wanawake watakaokujibu ndiyo, kwa sababu ukishauona huwezi kunyamaza. Jiulize wewe uko upande gani.

Kujua ukweli. Kama unataka kujua kinachotokea usiku, iko njia ambayo haimgeuzi mume kuwa mshtakiwa: mpimeni saa tisa usiku, yeye akijua na akikubali, katika usiku ambao amekula chakula cha jioni na kumeza dawa kama kliniki itakavyoelekeza. Ikiwa saa tisa iko sawa na ya kulala, kisha asubuhi imepanda, alfajiri ndiyo yenye kazi. Ikiwa chini, dawa ndiyo ya kuangaliwa. Ikiwa imeshapaa wakati huo, kuna mazungumzo mengine, pengine ya chakula, pengine ya mlo mzito wa saa tatu. Vipande vya kupimia ni ghali, najua. Mnaweza kuacha baadhi ya vile vya kabla ya kulala mkavitumia hapo. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba walianza kupewa mashine za kupima sukari mwaka 2023, muulizieni wa mtaa wenu kama anayo. Na kliniki waulizeni kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Hicho hakijali alikula nini Jumanne usiku.

Ugali. Jirani anakutakia mema, lakini kumwondolea ugali wote ghafla mtu anayemeza glibenklamidi ni hatari ile ile ya jasho la usiku. Hilo lifanyike tu kliniki ikijua. Na kuna jambo ambalo mama mkwe, kwa njia yake, halikosei: huyu ni mtu wa kazi ya mikono. Misuli inayopiga randa huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba. Ndiyo maana kutembea kidogo baada ya kula hushusha sukari. Kipande cha ugali kwa mtu wa kazi, sahani ikiwa imejaa mboga, si adui. Ningependa pia, kama inawezekana, sahani yake ifanane na za watoto. Mwanamume anayepimiwa chakula mbele ya wanawe hushiba aibu kabla hajashiba ugali, na aibu ndiyo inayompeleka mtu kula mafichoni.

Kumwacha aende Khwisero. Waswahili husema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini kusaidiwa, na sioni ajabu akitaka kwa mama. Hofu yako ni sinia la ugali, ndizi mbivu, miwa, na mama anayesema kula mwanangu. Hofu hiyo ina msingi. Lakini huko atakula chakula cha jioni, jambo ambalo kwako ameacha kwa hasira, na kwa usiku chache tu hilo linaweza kuwa salama kuliko hali ya sasa. Linalonitia wasiwasi ni mengine. Atabeba mashine na dawa? Mama anajua dalili za sukari kushuka, au atadhani ni malaria amfunike blanketi? Kama ataondoka, yafaa mama aelezwe hayo kabla hajafika, na wewe ndiye unayeyajua. Umewahi kufikiria kumpigia wewe mwenyewe simu, umwambie, "Mama, nimekuwa nikiogopa, nisaidie"? Anaweza kukuzodoa. Anaweza pia kuwa mtu wa kwanza kuelewa, kwani anayemlilia ni yule yule unayemlilia wewe.

Wazee. Hapa naomba ufikirie mara mbili. Ukimketisha mbele ya kaka zake kwa kosa la kula usiku, na ikaja kujulikana kwamba lilikuwa ini na dawa, utayarudishaje maneno? Na hata kama alikula, atarudi nyumbani akiwa mnyofu zaidi, au mjanja zaidi wa kuficha chupa? Kaka mmoja anayempenda, anayeweza kumsindikiza kliniki, ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna swali ambalo katika barua yako yote hukumuuliza. Ulimuuliza alikula nini. Ulimuuliza alikuwa wapi. Ningetamani umuulize, siku mtakapopata utulivu, labda akiwa anapiga msasa na wewe umekaa tu pale karakana: "Baba Sifa, usiku ule ulipoloa jasho, ulikuwa unasikiaje mwilini?" Kisha unyamaze, umngoje. Huenda akakuambia aliogopa. Wanaume wengi hawana njia ya kusema hivyo isipokuwa waulizwe hivyo hasa. Huenda akakuambia kitu kingine usichokipenda. Vyovyote vile utakuwa umesikia kwa mdomo wake, ambao daftari haliwezi kuusemea.

Na ukipata nafasi, mwambie habari ya baba yako, kwa kituo, hata kama anaijua. Anajua mguu ulikatwa. Je, anajua kwamba harufu ile inakurudia kila unapowasha mashine? Mimi nadhani unawalinda watu wawili kwa kufuli moja, na mmoja wao hayupo tena. Ulimhudumia baba mpaka mwisho, dada. Ukitaka kumlinda mume dhidi ya kidonda kile, yako mengine yenye faida kuliko kufuli: kumwangalia nyayo na katikati ya vidole kila jioni, asitembee peku kwenye karakana yenye misumari, na kliniki wampime hisia za miguu kila mwaka. Kazi hiyo ya jioni inahitaji akunyooshee mguu wake, na hawezi kukunyooshea mguu ikiwa hamsemezani.

Mkienda kliniki, nendeni wawili. Chukua daftari lako lote, pakiti za dawa zote mbili, na uandike saa anazomeza na saa anazokula, pamoja na ule usiku wa jasho. Useme wazi kwamba alikuwa akiruka chakula, yeye akiwa ameketi hapo, bila sauti ya kushtaki. Na mkiwa hapo, mwambie muuguzi akupime na wewe. Mtu ambaye mzazi wake alikuwa na aina hii ya kisukari yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na katika barua yote umeandika namba za mumeo bila kutaja hata moja yako. Niandikie tena, uniambie zako ni ngapi.

Wako,
Mshauri